Fundi na Machela ya Vichochoroni

Neno ambalo Fundi hakulivumilia katika karakana yake lilikuwa "langu". Ungeweza kuchelewa, ungeweza kukata ubao vibaya, hata kumjibu kwa ukali ungeweza, naye angekutazama tu juu ya miwani na kuendelea na kazi. Lakini ukisema "hili ni wazo langu", aliweka chini alichoshika na kukuuliza, "Umelizaa lini? Mbona sisi hatukualikwa arobaini yake?"

Tulimwita mama yule Fundi kwa sababu ndivyo tunavyowaita walimu kwetu Komoro, awe wa Kurani au wa hesabu. Alikuwa amefundisha uchoraji wa ufundi katika shule ya sekondari hapo Moroni kwa miaka mingi. Alipochoka na kengele za shule akakodi banda mtaani kwetu Magoudjou, akaanza kutengeneza vifaa vya shule na zahanati: madawati, vitanda, magongo ya kutembelea. Kwao hasa ni Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, lakini siku zile hakuna aliyeona haja ya kulitaja jambo hilo.

Tuliofanya kazi naye tulikuwa watatu. Msa alikuwa mchomeleaji vyuma, mtu wa Itsandra, mwenye sauti kubwa na mabega mapana kama kasha. Anli alikuwa seremala, mzaliwa wa Mutsamudu kama Fundi, mpole wa sura lakini mbishi, tena wa ubishi ule wa sauti ndogo usiokwisha. Mimi nilikuwa mshonaji. Niliitwa siku moja kushona mito ya viti, nikabaki. Msa na mimi, watu wa Ngazija, kisiwa chenye Moroni, tulisema Kingazija, wao wawili wakiwa peke yao walisema Kinzuani, na kazini tuliongea kwa kuvutana hadi tukaelewana. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili, lugha ya nyumba niliyoolewa Zanzibar baadaye.

Ukutani kulikuwa na ubao mweusi alioutoa shuleni, umevunjika pembe moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuchora peke yake nyumbani akaja na mchoro uliokamilika. Tulichora pale, mbele ya wote, na kanuni ilikuwa moja: "Mpe chaki anayekataa." Ukisema kitu hakifai, huna ruhusa ya kukaa. Unasimama, unachora kinachofaa. Na mwingine akikukataa wewe, chaki inahama.

Nakumbuka magongo ya zahanati. Msa alitaka yote yawe ya bomba la chuma. Anli akasema mgonjwa atabeba chuma au chuma kitambeba mgonjwa? Chaki ikaenda na kurudi mpaka koo zikawakauka. Mimi niliingia kuomba mkasi tu, nikasema shangazi yangu gongo lake hulitundika kwenye msumari, la sivyo kila akikaa linaanguka na hana wa kumwokotea. Chaki ikasimama. Anli akasema, "Na pasipo na msumari? Mkono wake mwenyewe si upo?" Msa akakata ukanda wa ngozi. Mwishowe lilitoka gongo la mti, lenye kiatu cha chuma, kichwa cha kitambaa, na kitanzi cha kuvaa mkononi. Hadi leo sijui kitanzi kile kilikuwa cha nani. Fundi alipenda sana kuona hatujui.

Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Alikuwa na kopo la penseli nzuri alizoletewa kutoka Ufaransa, amelitia kufuli dogo. Msa alimchokoza, "Fundi, penseli hizo za nani?"

"Za karakana."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo ni wangu," akasema, na hapo ndipo alipocheka, kwa nadra.

Alikuwa mkali kwa saa za sala na mzembe kwa saa nyingine zote. Alifoka mtu akipoteza kipande cha ubao, naye hakupita soko la Volo Volo bila kurudi na viatu vipya ambavyo havikumtosha. Aliiogopa bahari kama moto. Akilazimika kuvuka kwenda Nzuani kwa mazishi alikwenda kwa ndege, na ndege ikikosekana alilala chini sitahani, uso kafunika kwa shiromani yake, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwao, ndimu puani, asijibu salamu ya mtu.

Na aliweza kuwa katili. Aliwahi kuja mchoraji mmoja mwenye mkono wa dhahabu kweli. Lakini yeye alichora kwao, akaja na karatasi safi zisizo na kosa, na ukimwuliza alikunja uso. Fundi alimvumilia kidogo, kisha akamwambia mbele yetu, "Unatuletea mayai ya kuchemsha. Hata tukiyaatamia sote hayaanguliki." Yule bwana akakusanya karatasi zake akaenda. Nilidhani siku ile kwamba Fundi amemwonea, na bado nadhani hivyo.

Basi ukafika mwaka ambao Nzuani ilisema inajitenga.

Mwanzoni karakana ilifanya kama haikusikia. Kisha jeshi likapelekwa kutoka Moroni kwenda kukirudisha kisiwa kwa nguvu, na mdogo wake Msa alikuwa mmoja wa wale askari. Hakurudi. Mwenzake aliyerudi alisema alipigwa risasi pajani Mutsamudu, wakajaribu kumbeba, lakini vile vichochoro vya mji wa kale vina kona na ngazi, watu wamejificha ndani, mitaa hawaijui. Alivuja damu mpaka akaisha.

Tulikwenda wote msibani Itsandra. Anli naye alikwenda. Alikaa mwisho wa mkeka, akasoma, akaondoka bila kupewa mkono na Msa. Tangu hapo Msa aligeuza meza yake ya kuchomelea, akawa anafanya kazi akimpa Anli mgongo. Wakitaka kuambiana jambo walipitisha kwangu. "Mwanaesha, mwambie bomba lake liko tayari." Bomba lenyewe liko baina yao.

Mji nao ukaanza kusikiliza lafudhi. Anli aliacha kwenda Volo Volo, kwa maana akifungua kinywa tu muuza samaki alimwambia samaki wamekwisha, na samaki wako mbele yake wanapepewa nzi. Nikawa namnunulia mimi. Fundi aliendelea kwenda mwenyewe na viatu vyake vinavyobana. Wengi walimwamkia, maana alikuwa amewasomesha. Wachache walitazama pembeni.

Zilipita siku nyingi za namna hiyo. Halafu Mutsamudu kwenyewe watu wenye silaha wakapigana wao kwa wao, na abiria mmoja akamletea Anli habari za dada yake. Uchungu wa kuzaa ulimshika mtaani kukiwa na risasi. Wakambeba juu ya mlango walioung'oa, lakini kwenye kona mlango ukakataa kupinda. Wakausimamisha, mama akateleza. Mwisho wakamshika mikono na miguu kama gunia. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Anli alitueleza haya huku anaendelea kupiga randa, hakuinua uso. Msa alizima moto wake lakini hakugeuka.

Kesho yake Fundi alifuta ubao wote, hata hesabu za mbao ambazo hakuwa akiruhusu zifutwe.

"Tunatengeneza machela," alisema.

"Ya nani?" Msa akauliza.

"Ya Mutsamudu. Ipite vichochoroni."

"Basi mimi simo."

Fundi akatugeukia Anli na mimi. Alituambia tutoe milango na mbao za makabati uani, tusimamishe kona ya uchochoro na ngazi zake. Hatukuwa na vipimo. Anli alisimama katikati, akafumba macho, akatandaza mikono kama alivyokuwa akifanya utotoni akipita nyumbani kwao viganja vikikwaruza kuta pande zote. "Sogezeni. Bado. Sogezeni. Hapo." Tukakaza mbao hapo.

Machela ya kwanza ilikuwa miti miwili mirefu na turubai nililoshona. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Kwenye kona miti iligonga, wakainua upande mmoja, nikaporomoka nikamwangukia Fundi. Ya pili Anli aliifupisha, miguu yangu ikaning'inia. Ya tatu ilikuwa kama kiti. Kwenye ngazi nikateleza tena, na Anli akasema kwa sauti yake ndogo kwamba mwenye kidonda cha tumbo hakai kitini. Kila siku tulichora, tukabeba, tukaanguka. Msa alichomelea madirisha ya mtu mwingine pembeni, cheche zikiruka, na nilijua anatazama, kwa maana kila tukikwama nyundo yake ilinyamaza.

Adhuhuri moja hakuvumilia. Alivua miwani ya kazi akasema, kwa Fundi, si kwa Anli, "Haifai. Hata hiyo ndefu haifai."

Fundi akamnyooshea chaki.

"Sitaki."

"Umesema haifai."

"Nimesema simo!"

"Chora kinachofaa, kisha toka uende kwenu."

Msa akainyakua chaki. Hakuchora machela. Alichora mtu amelala, mrefu, mrefu kupita ubao, akashuka akamalizia miguu ukutani kwenye chokaa. "Ndugu yangu alikuwa hivi," alisema. "Ninyi mnambeba Mwanaesha, mtu mfupi. Huyu mngemweka wapi? Miguu hii ingegonga kila nyumba."

 Kisha Anli akainuka, kwa mara ya kwanza tangu msiba akasimama bega kwa bega na Msa, akamwuliza yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, "Alikuwa na kidonda wapi?"

"Pajani."

"Basi asingeweza kukunjwa hapa. Lakini goti lingeweza."

Msa akamtazama. Nilidhani atampiga. Akachora mstari kwenye goti, akachora mwingine nyongani. "Ikunjwe hapa na hapa. Kwenye kona tu. Ukivuka inalala tena."

"Kwa bawaba?" Anli akasema. "Bawaba itakunjika yenyewe kwenye ngazi, mgonjwa ajikute puani kwa mbebaji."

"Haitakunjika."

"Itakunjika."

Mimi nikasema turubai lenyewe linaweza kuwa bawaba. Nishone mifuko pembeni, miti iingie vipande vipande. Anli akasema basi italegea kama mkeka. Wakaanza kupigiana kelele, wote wawili, sauti ya Anli nayo ikapanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Msa, ili amnyamazishe tu, akachukua kipande kifupi cha bomba akakisukuma juu ya maungio ya miti miwili iliyokuwa mezani. Miti ikawa mti mmoja. Akakirudisha nyuma, ukakunjika. Akakisukuma tena. Ukanyooka.

Tulibaki tunautazama mkono wake unaokwenda mbele na nyuma. Fundi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Hakusema "vizuri". Alisema, "Litafanya kutu," na chaki ikahamia kwake.

Ilipokamilika, Msa alitaka kulala yeye. "Mimi ndiye niliyemkaribia kimo," alisema, na hakumtaja. Anli akashika upande wa kichwa, Fundi na mimi tukashika miguuni, wanawake wawili tukihema. Kwenye kona Anli akasema "Sasa," tukarudisha mabomba nyuma, magoti ya Msa yakapanda, tukapinda bila kugusa ubao wowote, tukasukuma mabomba, akalala tena. Tukamshusha chini. Hakuinuka. Alilala pale uani amefumba macho, machozi yakimwingia masikioni, na Anli akachuchumaa kando ya kichwa chake, mkono bado umeshika mti. Fundi aligeuka akafoka kwamba adhuhuri imepita na hakuna aliyetawadha.

Tulitengeneza nyingine, tukingoja njia ya kuzipeleka. Vyombo vya kwenda Nzuani vilikuwa haba. Kisha mazungumzo ya ng'ambo yakavunjika, ikasemekana Wanzuani wamekataa kutia saini, na asubuhi moja Moroni ikaamka na mawe barabarani. Vijana walisimamisha teksi, wakawaambia abiria waseme neno. Aliyelisema kwa lafudhi ya Nzuani aliteremshwa.

Walifika Magoudjou kabla jua halijawa kali. Nilisikia milango ikigongwa, nikawahi karakanani. Msa alikuwa amesimama mlangoni, kapandisha miwani yake ya kazi kwenye paji la uso.

"Humu hamna Mnzuani," aliwaambia. "Humu mna kazi."

Nyuma yake Anli alikuwa ameshika randa, si kama silaha, kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Aliyewatangulia alikuwa kijana mrefu mwenye kanzu safi. Fundi alipotoka, yule kijana aliinamisha kichwa. "Kwezi, Fundi," akasema, ndiyo salamu yetu ya kumwamkia mkubwa.

"Mbona," Fundi akaitikia, kama inavyopasa.

"Hatukuja kwako. Tunamtaka huyo seremala. Boti iko bandarini, aende kwao. Hatutamgusa."

"Na mimi kwetu ni wapi?"

"Wewe ni wa hapa, Fundi. Umetusomesha."

"Nimekuuliza kwetu ni wapi."

Kijana alitazama wenzake. "Fundi, usitutie katika ugumu. Wewe baki."

"Nyumba yetu na nyumba yao zinapakana ukuta," Fundi alisema. "Ukimwondoa yeye kwa sababu hiyo, mimi nabaki kwa sababu gani?"

Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba basi mchukueni na yeye. Kijana hakumkanya. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilikuwa nadhani heshima ile itatosha.

Fundi alivua aproni, akaikunja. "Boti inakwenda Mutsamudu?"

"Ndiyo."

"Nina mzigo wa kwenda huko. Msa, toa machela."

"Fundi," nikasema, "wewe bahari huiwezi."

"Siiwezi," alisema. "Nipe shiromani yangu."

Tulizibeba hadi bandarini, Msa mbele pamoja na Anli. Njiani watu walimwita Msa msaliti. Jiwe lilimpiga mgongoni, akayumba, hakugeuka. Bandarini watu wamejaa na mafurushi, magodoro, watoto wanalia. Niliangaza kutafuta hata ndimu moja, lakini hakuna aliyefungua duka. Msa alimkabidhi Anli machela ya mwisho akasema, "Bomba la kushoto la hii linakwama. Lipake mafuta." Anli akasema, "Nitalipaka."  Fundi alipanda akiwa amefumba macho, mkono mmoja begani kwa Anli, na sikumwona tena usoni, kwa kuwa alikwisha kujifunika.

Miaka ikapita. Visiwa vilipatana, angalau kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimeolewa Zanzibar, na niliporudi kuwaona wazazi nikavuka hadi Mutsamudu.

Nilimkuta Fundi katika chumba cha chini cha nyumba yao, amezeeka sana, macho yamefifia, amezungukwa na mwashi mmoja na wanawake kadhaa wakigombana juu ya kifuniko cha tangi la maji la mtaa. Niliposalimu kwa Kingazija wakaacha kugombana. Mwanamke mmoja akavuta mtandio akatazama ukutani. Fundi akageuza kichwa kuelekea sauti. "Mwanaesha? Kaa. Hawa wanataka kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua lakini bibi anaweza." Nikakaa. Yule mwanamke hakusema nami siku nzima, lakini alipopitisha chai alinipitishia na mimi.

Anli alikuja jioni, mvi kichwani, akanionyesha machela moja iliyotundikwa barazani kwa jirani. Nusura nisiijue. Wametoa mabomba ya Msa yaliyoliwa na kutu, wakafunga kwa kamba na kabari za mti, na turubai langu limeshonewa mikanda ya kifuani ya kushukia ngazi. Nilikasirika, nikasema mishono ile ni mibaya.

"Imewabeba wengi," Anli alisema. "Msa hajambo?"

"Hajambo. Yupo Itsandra. Amemwita mwanawe jina la nduguye."

Akatikisa kichwa polepole, akaniomba nimpelekee salamu.

Siku ya kuondoka Fundi alisisitiza kunisindikiza. Tulishuka ngazi za mji polepole, yeye akishika ukuta, watu wakimwamkia kila mlango. Pale bandari inapoanza kuonekana alisimama.

"Mimi mwisho wangu hapa. Siitaki hata harufu yake."

Nikambusu mkono. Hakuuachia wangu.

"Moroni wananisemaje?" aliuliza. "Bado mimi ni Mnzuani?"

"Hapana, Fundi," nikasema haraka. "Wote bado wanakuita Fundi."

Uso wake ulielekea mahali ambapo si kwangu hasa.

"Hata wale waliokuja mlangoni waliniita Fundi," alisema.

 Alinishika bega akanigeuza upande wa bandari, akanisukuma kidogo kama anavyosukumwa mtu anayechelewa. Kisha nikamsikia nyuma yangu akianza kupanda ngazi, anapumzika, anapanda tena.